Mishale yako inatawanyika? Usilaumu jicho

KAMA ulikuwa mtandaoni wakati wa Olimpiki za Paris mwaka 2024, huenda ile klipu ilikupitia. Israel Madaye, mlengaji mishale kutoka Chad, amesimama mstarini. Anavuta upinde, anaachia, na mshale unatua kwenye ukanda mweupe wa nje kabisa. Alama 1. Anayeshindana naye ni Kim Woo-jin wa Korea Kusini, ambaye siku hiyo alikuwa akitia mishale katikati kana kwamba anaichomeka kwa mkono.

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu wiki hiyo hiyo mshale wangu ulikuwa umekosa ubao mzima kutoka mita 18 ukaishia kwenye ua la michongoma. Madaye, ambaye sehemu kubwa ya mchezo huu alijifunza mwenyewe, alikuwa akipiga kutoka mita 70.

Usizichukulie mchezo hizo mita 70. Simama golini kwenye uwanja wa kandanda, vuka mstari wa katikati, kisha endelea hatua nyingine 20 hivi. Huko ndiko kuna karatasi ya kipenyo cha sentimita 122, na mduara wa alama 10 una sentimita 12.2, upana wa CD, kama bado unazikumbuka. Madaye alipoteza 6-0. Kim alikwenda hadi fainali dhidi ya Brady Ellison wa Marekani, wakatoka sare 5-5, wakapewa mshale mmoja mmoja wa kuamua. Wote wawili wakapiga 10. Mshale wa Kim ulikuwa karibu zaidi na kitovu kwa milimita 4.9, chini ya unene wa penseli, na dhahabu ikaenda Korea.

Mimi na wewe tuko mahali fulani kati ya ile alama 1 na zile milimita 4.9. Swali ni jinsi ya kusogea.

Wengi wanaoanza huuliza jambo moja tu: nilenge wapi? Wanadhani anayepiga 10 ana jicho kali kuwaliko. Basi msikilize Mkorea mwingine, Im Dong-hyun. Jicho lake la kushoto lilipimwa likapatikana kuwa 20/200, maana yake alichokiona yeye akiwa futi 20, mwenye macho mazima angekiona akiwa futi 200. Katika Olimpiki za London 2012 alipiga mishale 72 kutoka mita 70 akapata alama 699 kati ya 720. Wakati huo hiyo ilikuwa rekodi ya dunia. Kama ingekuwa ni jicho, huyo hangefika hata kwenye uwanja.

Alichokuwa nacho ni marudio. Mshale wa 1 na mshale wa 72 aliupiga mwili uleule, kwa namna ileile.

Fanya hesabu nami hapa. Ukiwa umevuta upinde, kile kipini cha kulengea kilichofungwa mbele kinakaa kama sentimita 85 kutoka jichoni mwako. Kikienda kombo kwa milimita 1 tu, kwenye shabaha ya mita 18 umehama sentimita 2 hivi. Kwenye mita 70 umehama sentimita 8. Na kutoka kitovu cha 10 hadi ukingo wake ni sentimita 6.1. Milimita moja, bana, na umeshatoka kwenye 10.

Sasa, kipini angalau unakiona. Kitu ambacho huoni ni upande wa nyuma wa mshale, pale vidole vyako vinaposhika ugwe chini ya kidevu. Mkono huo ukikaa chini kidogo kuliko mara iliyopita, hesabu ni ileile, na jicho lako halitakuambia chochote. Utaapa kwamba ulilenga katikati, na utakuwa unasema kweli.

Ndiyo maana nakuomba, kabla ya jambo lingine lolote, uache kuhukumu mshale mmoja. Piga sita bila kugusa kipini, kisha tembea ukaangalie. Zikiwa sita zote zimekusanyika kishada kimoja huko chini kushoto, umepiga vizuri sana, hata kama hujapata 10 hata moja. Kilichobaki ni kusogeza kipini, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa: unakisogeza kuelekea iliko mishale. Imekwenda kushoto, kipini kushoto. Imekwenda chini, kipini chini. Utahisi ni kinyume, lakini jaribu.

Makosa ya wengi, na yangu kwa mwaka mzima, ni kupiga mmoja ukaenda kushoto, kusogeza kipini, kupiga wa pili ukaenda kulia, kukirudisha, na kuendelea hivyo mpaka jua linatua. Hapo hufanyi mazoezi, unafukuza kuku.

Kishada chenyewe kina habari zake. Kikirefuka kwenda juu na chini, mara nyingi mkono wa kuvuta haufiki pale pale usoni, au unavuta mshale mmoja zaidi ya mwingine. Kikitanda kushoto na kulia, angalia jinsi unavyoshika upinde na jinsi unavyoachia. Kikitawanyika kote kote kama mtama uliomwagika, basi huenda tatizo ni lile lililonipata mimi.

Upinde wangu wa kwanza niliununua kwa mtu mtandaoni. Ulikuwa wa pauni 38, mweusi, mzuri ajabu. Pauni ndizo kipimo cha nguvu inayohitajika kuuvuta, na mimi nikajiambia mwanamume mzima siwezi kuanzia 20. Nilikuwa nikiuvuta kwa kutupa mabega juu na kukunja mgongo kama anayeng'oa muhogo. Wiki ya kwanza nilipiga picha nyingi. Miezi miwili baadaye sikuweza kuinua mkono wa kulia kuvaa fulana. Bega lilikuwa limewaka moto ndani, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipiga marufuku kugusa upinde kwa wiki kadhaa.

Nilipofika kwenye klabu moja viungani mwa Nairobi, mzee anayetufunza, ambaye sote tunamwita Mwalimu, alinitazama nikipiga mishale mitatu. Hakunigusa mkono wala hakunionyesha chochote.

"Kijana, wewe unapigana na upinde," akaniambia. "Kulenga utalenga saa ngapi?"

"Lakini Mwalimu, huu nimeuzoea."

"Umeuzoea au umeuvumilia?"

Alinipa upinde wa mbao wa pauni 20, uliokuwa umechakaa mahali pa kushikia kwa mikono ya watoto wa shule. Niliona aibu, kusema ukweli. Kulikuwa na msichana wa kidato cha pili mstarini akiwa na upinde mzito kuliko wangu. Lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mishale yangu mitatu ilitua mahali ambapo ningeweza kuifunika kwa sahani.

Kwa hivyo jipime. Vuta hadi mwisho, shikilia sekunde 10, rudisha polepole. Mkono ukitetemeka au bega likipanda hadi sikioni, upinde huo ni wa mtu mwingine kwa sasa. Mtu mzima anayeanza yuko salama kati ya pauni 16 na 24. Wanaume wa Olimpiki wengi huvuta zaidi ya 45, ndiyo, lakini wamepanda huko kidogo kidogo kwa miaka, wakipiga mamia ya mishale kwa siku. Na tafadhali, unapojipima usiachie ugwe kama hakuna mshale. Nguvu yote inarudi kwenye upinde wenyewe, na unaweza kupasuka mikononi mwako.

Ukishapata upinde unaoutawala, kuna jambo ambalo afadhali ulijue leo kabla hujatumia chapaa zaidi: jicho lako kuu ni lipi? Nyoosha mikono mbele, tengeneza kitundu kidogo kwa viganja viwili, tazama kitu cha mbali kupitia hapo macho yote yakiwa wazi. Sasa fumba jicho moja. Kama kile kitu bado kipo, jicho lililo wazi ndilo kuu. Kuna watu wa mkono wa kulia ambao jicho lao kuu ni la kushoto. Hao hulenga kwa jicho moja huku ubongo ukifuata jingine, na wanaweza kuhangaika mwaka mzima. Wakufunzi wengi humshauri mtu anayeanza afuate jicho, hata kama mikono italalamika kwa wiki mbili tatu.

Miguu nitaipita haraka: simama upande, ubavu ukielekea shabaha, nyayo zikiwa na upana wa mabega, na uchore alama chini kwa chaki ili kesho usimame pale pale. Basi.

Mkono wa kushika upinde ndio unaotaka maneno mengi, kwa sababu unadanganya. Kila mtu anaushika upinde kama fimbo ya kumfukuzia nyoka. Usiushike. Uache ukukandamize kwenye ile nyama iliyo chini ya dole gumba, vifundo vya vidole vikiwa vimelala mshazari, vidole vyenyewe vimelegea. Ukiukamata kwa nguvu, unauzungusha kidogo wakati wa kuachia, na tumeshaona milimita moja inafanya nini. Lakini ukiuacha kabisa, utaanguka. Ndiyo maana wachezaji hufunga kikamba kidogo kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Mimi natumia kamba ya kiatu. Ilinichukua mwezi kuiamini.

Mkono wa pili unavuta ugwe kwa vidole vitatu, kimoja juu ya mshale na viwili chini, ugwe ukikaa kwenye kiungo cha kwanza cha vidole. Unavuta hadi kiganja kinajibana chini ya taya, ugwe ukigusa kidevu na ncha ya pua. Kila mara. Hapo kidevuni na puani ndipo penye kipini chako cha nyuma, kile usichokiona, kwa hivyo lazima ukihisi. Ukivuta leo hadi shavuni na kesho hadi chini ya taya, una pinde mbili tofauti mkononi.

Halafu usivute kwa mkono. Najua inasikika ajabu. Mkono unachoka upesi. Fikiria kombe la bega la upande wa kuvuta likisogea taratibu kuelekea uti wa mgongo, kana kwamba unataka kubana karatasi hapo katikati. Mwendo huo usisimame, hata ukiwa unalenga. Kuachia kwenyewe si kufungua vidole, ni kuviacha vilegee, na kama mgongo ulikuwa ukifanya kazi, mkono utarudi nyuma kwenyewe ukipita shingoni. Baki hivyo hivyo mpaka usikie mshale umegonga ubao. Wengi wetu huteremsha upinde haraka ili tuone umepiga wapi, na ule umbea ndio unaotuharibia.

Na kipini kitayumba. Kitayumba kwa kila mtu, hata Kim. Kiache kielee juu ya manjano huku mgongo ukiendelea na kazi yake. Ukisubiri kitulie tuli ndipo uachie, utajifunza tabia moja mbaya sana ambayo nataka tuizungumzie vizuri, kwa sababu imewatoa watu wengi kwenye mchezo huu.

Ilinianza taratibu. Kipini kikigusa tu ukingo wa manjano, vidole vinaachia vyenyewe kabla sijaamua. Baadaye ikawa kipini hakifiki manjano kabisa. Kinaganda chini yake, kwenye nyekundu, na nikijaribu kukipandisha mkono unakataa kama wa mtu mwingine. Nilikuwa na miezi kumi kwenye mchezo. Nilifikiri ni mimi tu, nikaona haya kumwambia mtu. Nikaanza kuchelewa mazoezini, kisha kukosa.

Sasa najua kwamba ni jambo la kawaida duniani kote, linawapata hata mabingwa. Tuliite hofu ya shabaha. Ubongo umefunga kamba kati ya kuona katikati na kuachia, na kadiri unavyotaka sana kupata 10 ndivyo kamba inavyokaza. Kujikaza hakusaidii. Kununua kipini kipya hakusaidii, nimejaribu.

Dawa ni ya kuchosha na inafanya kazi. Ondoa karatasi. Simama mita 3 kutoka kwa ubao mtupu au tita la nyasi, mahali ambapo hata ukitaka huwezi kukosa, hakikisha hakuna mtu mbele wala kando, vuta, kisha fumba macho. Sikiliza mwili: kiganja chini ya taya, ugwe puani, bega limeshuka, kombe linasogea. Achia. Hakuna alama, hakuna wa kukucheka. Mwalimu alinipa wiki tatu za hivyo, mishale 60 kila siku ya mazoezi, huku wenzangu wakipiga mita 30 na kushangilia. Kisha wiki moja ya karatasi ambapo sikuruhusiwa kuachia hata mshale mmoja: navuta, natulia katikati kwa sekunde tano, narudisha. Ile ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Mara ya kwanza kipini kilipokaa kwenye manjano na vidole vikanyamaza, nilitaka kulia mbele ya watoto wa shule.

Kuhusu vifaa, sitasema mengi. Mishale yako ifanane, urefu mmoja na ugumu mmoja, kwa sababu mshale hupinda kama nyoka unapotoka kwenye upinde, na mgumu haupindi sawa na mlaini. Kama wewe ni wa mkono wa kulia na kishada kinakwenda kushoto siku zote hata ukifanya kila kitu sawa, huenda mishale ni migumu mno kwa upinde wako. Kikienda kulia, huenda ni milaini mno. Mwombe mwenye ujuzi aangalie kabla hujanunua. Kinga ya mkono na kipande cha ngozi cha vidole havikwepeki. Vingine vinaweza kungoja.

Kuna watakaokuambia huu ni mchezo wa wazungu na Waasia. Waambie wakasome. Hapa kwetu Wakamba walijulikana kwa upinde na mishale ya sumu muda mrefu kabla ya reli, na Waata wa nyika za Tsavo walikuwa na pinde za kuwindia ndovu zenye kuvutwa kwa zaidi ya pauni 100. Hakukuwa na kipini wala kamba ya kiatu. Mtoto alianza na kijiupinde chake, akakua nacho kikiongezeka, na kufikia utu uzima alikuwa amerudia mwendo ule mara zisizohesabika. Hata kwenye michezo ya leo tuko: Rio 2016, aliyeibeba bendera ya Kenya kwenye sherehe za ufunguzi hakuwa mwanariadha wa mbio. Alikuwa Shehzana Anwar, mlengaji mishale.

Ukishatulia peke yako, tafuta kelele. Kwenye mechi za Olimpiki unapewa sekunde 20 kwa kila mshale, mpinzani ubavuni, watu wakipiga mayowe. Wakorea huwapeleka wachezaji wao kufanya mazoezi kwenye viwanja vya besiboli vilivyojaa mashabiki ili wazoee. Sisi hatuna besiboli, lakini tuna matatu. Jamaa mmoja wa klabu yetu huweka simu yake kando ya mstari ikilia genge kwa sauti ya juu, na anayepiga vibaya ndiye ananunua chai na mandazi. Nimenunua mara nyingi.

Na weka daftari. Simu inafaa, lakini daftari halikuletei ujumbe katikati ya mazoezi. Andika tarehe, umbali, idadi ya mishale, kishada kilikuwa na upana gani, mwili ulihisi nini. Usiandike alama kwa miezi mitatu ya kwanza. Langu la Jumamosi iliyopita linasema: mita 18, mishale 36, pauni 26 sasa, upepo kidogo. Bega halikuuma. Hofu ilirudi mara mbili, nikarudisha upinde chini mara zote mbili bila kuachia. Kishada cha mwisho kilitoshea chini ya kifuniko cha sufuria ndogo, chote upande wa kushoto.

Kipini sijakisogeza bado. Jumamosi hii nitapiga sita nyingine kwanza.